Unasoma kitabu gani sasa hivi? Changu kimeishia pale muuaji anapotaka kutajwa

#1 BintiKiboriloni (Moshi)
Habari zenu wakuu.

Jumamosi nilishuka soko la Memorial kutafuta sweta la mtoto, maana baridi ya Moshi ya mwezi wa saba mnaijua. Saizi yake sikupata. Pembeni ya wauza viatu kulikuwa na kijana kamwaga vitabu kwenye turubai: vya kompyuta za zamani, vya mapishi ya Kizungu, Biblia mbili za Kijerumani. Katikati yao kimoja hakina jalada, karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua, macho yakatua kwenye jina la Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za zamani. Nilitoa elfu mbili palepale, wala sikuomba apunguze.

Ni Mzimu wa Watu wa Kale. Nimekisoma siku nne: jikoni, saluni, kwenye benchi la kliniki. Jana usiku Bwana Msa keshajua, mimi bado, nageuza ukurasa, hakuna. Nimebaki na mgongo mtupu na gundi kavu.

Kuna kingine. Pembeni ya jina la mmoja wa watuhumiwa mtu kaandika kwa penseli, mwandiko mdogo wa kulala: "siye huyu". Nimeukodolea macho huo mwandiko mpaka usingizi ukanichukua.

Naomba mawili. La kwanza, ninyi mnasoma nini sasa hivi? Niambieni kwa undani, nataka kujua kinawashika wapi. La pili, kwa nini vitabu vya zamani hukosa mwisho na siyo mwanzo? Hiki ni cha tatu kunitokea.

Muuaji asitajwe hapa. Nawasihi.

#2 KondaWaSakina (Arusha)
Mimi nina Kufa na Kupona, kile cha mpelelezi Willy Gamba. Nakisoma Kilombero tukiwa kwenye foleni ya kupakia, kifodi chetu kikiwa cha nne au cha tano nyuma napata kurasa sita saba. Abiria mmoja alinikuta mlangoni nimeinamia kitabu akaniuliza kama najiandaa na mtihani. Nikamwambia hapana mama, kuna mtu anataka kuuawa hapa.

Huyo Bwana Msa wako si ndiye wa Musiba pia?

#3 MwalimuWaFasihi (Moshi)
Konda, hapo umechanganya. Willy Gamba ni wa Elvis Musiba. Bwana Msa ni wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na ukitazama herufi za kwanza za majina yake matatu unapata M, S, A. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya 1957/58, kikachapishwa 1960. Kabla yake hatukuwa na mpelelezi wa namna ile katika riwaya za Kiswahili: mtu mwenye kiko mdomoni, anayekaa kimya huku mwenzake Najum akihangaika kumwelewa.

Mimi narudia Kusadikika, kwa mara ya sijui ngapi. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na faida, wakatupwa gerezani. Kilitoka 1951, tukiwa bado chini ya Mwingereza, na Shaaban Robert akaiweka nchi yake angani ili asisumbuliwe. Kila nikikisoma naona ujasiri wa mtu yule upya.

#4 KondaWaSakina
Asante mwalimu. Ila kwa mbio Willy Gamba anampita huyo mzee wa kiko.

#5 BintiKiboriloni
Kwa mbio sawa. Kwa akili hapana. Bwana Msa hakimbii popote na bado anafika kabla yao.

#6 FundiChapa (Arusha)
Nimefanya kazi za chapa miaka mingi, zamani karibu na Ngarenaro. Nijibu hilo la kukosa mwisho.

Dada, fungua kitabu chako utazame mgongoni kwa ndani. Ukiona uzi umepita katikati ya karatasi zilizokunjwa, hicho kimeshonwa. Vitabu vya kushona hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi kurasa 16 kwa fungu moja, halafu mafungu yanaungwa. Uzi ukikatika, haliondoki karatasi moja, linaondoka fungu zima. Cha gundi tupu huchanika jani moja moja kama mahindi yakimenywa.

Na kwa nini mwisho? Kwa sababu tukipumzika tunakilaza kifudifudi, na tukikiweka mezani kwa kawaida jalada la mbele huwa juu. Jalada la nyuma ndilo linalokutana na meza yenye maji, chungu, mafuta ya taa. Jalada la nyuma likitoka, fungu la mwisho halina mlinzi.

Mimi nasoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili. Nakipenda kuanzia jina. Mwalimu Nyerere kaifasiri na kuitoa 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio kutangazwa hapa kwetu Arusha, na yule ambaye Kiingereza kinamwita mfanyabiashara yeye kamwita bepari. Neno moja hilo limegeuza tamthilia nzima, nimekaa nalo wiki sasa.

#7 NesiWaZamu (Moshi)
Fundi umeeleza vizuri ila mimi nasema karanga. Mama yangu aliuza karanga na kashata miaka yote tukiwa wadogo. Karatasi ya kukunjia tulinunua kwa kilo, madaftari na vitabu vilivyochoka, na mkono unaochana huanza nyuma kwa sababu jalada la nyuma lilishatoka. Mimi nilijifunza kusoma kwa hizo. Nilikuwa nafungua karanga naanza katikati ya sentensi, natafuta kipande kinachofuata kwenye pakiti nyingine, sipati.

Nasoma Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyofasiriwa na Clement Maganga. Ramatoulaye amefiwa na mume, yuko eda, anamwandikia rafiki yake Aissatou. Mume huyo alikuwa ameshaoa mke wa pili, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao. Naisoma saa tisa usiku wodini wagonjwa wakishatulia. Juzi nilifika pale anapohesabu miaka aliyoishi na yule bwana, nikafunga kitabu nikaenda kuzunguka vitanda vyote, ingawa hakuna aliyeniita.

#8 ChaliiWaNgarenaro
Karanga hazifungwi kwa ukurasa wa riwaya, ni mdogo. Zinafungwa kwa daftari.

#9 NesiWaZamu
Za shilingi kumi zilikuwa zinafungwa kwa huo huo mdogo. Wewe hujala karanga za shilingi kumi, ndiyo maana unabisha.

#10 MzeeWaUru
Nawasalimu wote.

Nina miaka sabini na kidogo, macho yanahitaji taa mbili. Kila usiku nasoma kurasa tatu za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwandishi ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza 1945, hakupata wa kumchapia kwa lugha hiyo. Akakaa akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka 1980, yeye akafariki 1981. Miaka thelathini na mitano mtu anangoja kitabu chake. Mimi nikingoja malipo ya kahawa msimu mmoja nakosa usingizi.

Mume na mke hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana yule mama mpaka wazazi wake wanamchukua. Mume anakwenda kumwomba arudi, na wakwe wanamtaka pombe ya ndizi. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, mke wangu akauliza kuna nini. Nikamsomea kwa sauti jinsi anavyohangaika kupata ndizi, kuzivundika, kukamua. Akasema huyo mtu mbona anafanya kazi ya mbege bila ulezi? Tukakaa mpaka saa tano tukilinganisha pombe yao na mbege yetu, na nani katika ukoo aliwahi kurudishiwa mke kwa mapipa mangapi. Majina siyaweki hapa.

#11 BintiKiboriloni
Shikamoo mzee. Hiyo ya mapipa tutakuja kuisikiliza Uru kwa miguu.

#12 MzeeWaUru
Marahaba. Njooni na ulezi.

#13 DadaWaMarangu
Nimesoma #1 mara tatu kabla ya kuandika.

Maelezo ya fundi na ya nesi nayakubali, lakini yapo ya tatu. Nilisoma bweni, shule siitaji, miaka ya tisini. Rosa Mistika ilikuwa kitabu cha kufichwa, matroni akikikuta unaitiwa mzazi. Tulikuwa na nakala moja na wasichana wengi wenye hamu. Mkubwa wetu akachukua wembe, akakigawa vipande vinne. Kila kimoja kikasomwa usiku mmoja, asubuhi kikahamia kitanda cha pili. Aliyepata kipande cha tatu kabla ya cha pili alisoma hivyo hivyo. Mimi nilimjua Rosa akiwa ameshaharibikiwa, ndipo nikamjua akiwa mtoto anayepigwa na baba yake Zakaria. Mpaka leo naona ndivyo kinavyopaswa kusomwa, kwa sababu kila kipigo cha mwanzo nilikuwa najua kinaelekea wapi.

Vingine tuligawa vilevile, vya upelelezi hasa. Na kipande cha mwisho ndicho kilichopotea kila mara, kwa sababu aliyemaliza hakuwa na haraka ya kumpa mtu.

Dada BintiKiboriloni, tazama ukurasa wa kwanza wa kila fungu, kona ya juu. Sisi tulikuwa tunaweka namba kwa penseli ili tujue kipande cha ngapi.

#14 ChaliiWaNgarenaro
Kwani Rosa Mistika kilifichwa kwa nini? Mbona sisi tulikikuta dukani kama kawaida.

#15 MwalimuWaFasihi
Kilitoka 1971 na kwa muda hakikuruhusiwa mashuleni. Wengi wanasema ni kwa jinsi mwandishi wake, Kezilahabi, alivyoandika mambo ya mwili waziwazi.

#16 NesiWaZamu
Mimi naona waliokiogopa ni wazazi. Kinamwonesha baba mlevi anayembana binti mpaka binti akitoka mlangoni hajui kujizuia. Hilo lilimuuma mtu mahali.

#17 MzeeWaUru
Na walimu. Mnawasahau walimu walioandikwa mle. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, watu wa Bukoba kama yeye walikuwa hawana woga wa kuandika.

#18 DadaWaMarangu
Mzee wangu, Kezilahabi si wa Bukoba, ni wa Ukerewe, kisiwa kimoja na huyo Kitereza wako.

#19 MzeeWaUru
Nimekubali, mwanangu. Kisiwa kimoja kimetoa wawili hao. Nashukuru kunirekebisha, maana wajukuu nimeshawaambia Bukoba, leo jioni nawarudia.

#20 MamaNjiro (Arusha)
Jamani uzi mtamu. Mimi niko na Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Nilikianza kwa Kiingereza mwaka alipopata Nobel, 2021, nikaishia njiani. Siyo kwamba Kiingereza kilinishinda, ila nilikuwa namsikia Yusuf kwa mbali. Sasa nimepata tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka kwa wachapishaji Mkuki na Nyota 2022. Wale watu wanaongea! Nikisoma naisikia sauti ya Ami Aziz, mtulivu, mwenye harufu ya udi, na nyuma ya utulivu ule kuna mtoto wa watu aliyechukuliwa kwa deni la baba yake. Yusuf hajui kwamba amewekwa rehani. Anadhani anakwenda kwa ami yake.

Halafu anapelekwa bara, anaachwa kwa Hamid na mkewe Maimuna, mji mdogo chini ya mlima wenye theluji. Mimi nilikuwa nasoma kibarazani asubuhi, mawingu yamefunguka upande wa mashariki, nikainua macho.

#21 ChaliiWaNgarenaro
Kwa hiyo Nobel aliipata kwa hicho?

#22 MamaNjiro
Hapana mwanangu. Ile hutolewa kwa kazi zote za mwandishi. Hicho kwa Kiingereza kilitoka 1994 na kiliingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, hakikushinda.

#23 KondaWaSakina
Mama Njiro, huo mlima ni Meru au Kilimanjaro? Tusije tukaibiwa na watu wa Moshi.

#24 BintiKiboriloni
Theluji ya kudumu Meru mmeiona lini?

#25 MamaNjiro
Kila mtu aweke mlima wake. Mimi niliuona ule ninaouona kutoka Njiro kukiwa hakuna mawingu, basi.

#26 FundiCherehani (Majengo, Moshi)
Nauliza kwa unyenyekevu. Kusoma kwenye simu kunahesabika? Ofisini kwetu tuna vyerehani vinne. Mwenye kazi ndogo siku hiyo, kama kushona vifungo, ndiye anasoma kwa sauti riwaya za kwenye makundi ya simu, zile za sehemu ya kumi na nne, itaendelea. Wengine tunashona. Mambo yakiwa mazito miguu inaacha kukanyaga pedali, vyerehani vyote vinanyamaza, mteja akiingia anadhani umeme umekatika, na vyerehani vyetu havitumii umeme.

Shida, nazo hazina mwisho. Ukifika pale pale mwandishi anaandika lipia uendelee.

#27 MwalimuWaFasihi
Kunahesabika kabisa. Mnachofanya ninyi ni cha zamani kuliko kitabu: mmoja anasoma, wengine mikono ina kazi, masikio yako wazi.

#28 ChaliiWaNgarenaro
Mimi sikubaliani. Zile hazina mhariri. Mhusika sehemu ya tatu anaitwa jina hili, sehemu ya tisa jina lingine.

#29 FundiCherehani
Ni kweli, na sisi humgombeza mwandishi palepale kwenye kundi na anarekebisha. Hebu mgombeze huyo wako aliyekufa uone kama atarekebisha. Na tunamlipa moja kwa moja, hakuna wa katikati. Jana tumechanga mia tano tano tukapata sehemu tatu.

#30 KidatoChaTatu
Shikamooni nyote. Mimi nasoma Takadini kwa ajili ya shule. Sekai anamkimbiza mtoto wake kwa sababu kazaliwa zeruzeru na mila za kwao zinataka auawe. Nimekipenda sana ila sijakishika. Namaanisha kitabu chenyewe. Nina maswali na majibu yake tu, dhamira, ujumbe, falsafa. Nimejua mwisho kabla ya mwanzo.

#31 KondaWaSakina
Marahaba mdogo wangu. Umesema jambo langu. Mimi shule ilinifanya nichukie kusoma miaka kumi na mbili. Ile tamthilia ya Ngoswe tumeimba wahusika kama wimbo, Ngoswe, Mazoea, Mzee Mitomingi, sikujua hata kama ni hadithi ya kuchekesha. Juzi nikaisoma mwenyewe. Karani katumwa kuhesabu watu, kaangukia kwa binti wa watu, mzee kwa hasira anachoma makaratasi yote ya sensa. Nilicheka foleni nzima. Kumbe ndicho walichokuwa wanatufundisha?

#32 MwalimuWaFasihi
Konda na mwanangu KidatoChaTatu, nimewasikia na sitawabishia. Niwaambieni tu upande wa ubaoni ulivyo. Mwaka mmoja nilikuwa na wanafunzi sitini na nakala nne. Nilijaribu kuwasomea kwa sauti. Kipindi ni dakika arobaini, na mtihani hauulizi kama ulicheka. Ukifika mwezi wa nane wazazi wenyewe wanakuja na vile vijitabu vya uchambuzi, wanataka watoto wakariri. Siku niliyoamua kumaliza tamthilia nzima kwa kuigiza darasani, nilibaki nyuma ya silabasi wiki tatu na nikaulizwa kwa maandishi. Wanafunzi wale ninakutana nao barabarani leo, ni watu wazima, wananiitia maneno ya Mitomingi.

#33 MamaNjiro
Mimi naona tatizo ni bei na umbali. Ukitaka kitabu kipya cha Kiswahili hapa Arusha utazunguka, utaambiwa kiko Dar.

#34 NesiWaZamu
Tatizo ni taa na uchovu. Mwanamke anamaliza kazi za nyumbani saa nne. Ningekuwa sina zamu za usiku nisingesoma hata barua fupi.

#35 FundiChapa
Tatizo ni herufi. Ili kubana gharama zinapunguzwa mpaka mtu wa miaka arobaini hazioni. Nimezipanga mwenyewe, najua ninachosema.

#36 MzeeWaUru
Maktaba ya mkoa ipo Arusha, ipo Moshi. Mnaingia? Mimi hiki cha Kitereza nilikutana nacho huko kwanza, kabla mwanangu hajaninunulia. Pia kuna cha Marealle, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha 1947. Yule Mangi Mkuu kaeleza mila zetu tangu mtu hajazaliwa mpaka kaburini.

#37 DadaWaMarangu
Mzee nisamehe tena. Mangi Mkuu alikuwa Thomas. Mwenye kitabu ni Petro Itosi Marealle, mangi wetu wa huku Vunjo.

#38 MzeeWaUru
Mwanangu, wewe uwe karibu yangu kila nikiandika.

#39 FundiChapa
BintiKiboriloni, nimepekua sanduku. Ninacho Mzimu wa Watu wa Kale, kizima, jalada la nyuma lipo. Nakiweka kwenye bahasha, kesho asubuhi nampa dereva wa Costa ninayemfahamu, atakiacha ofisi ya vifurushi stendi ya Moshi. Nitaandika jina lako hilo hilo la hapa. Masharti ni mawili: kisilazwe kifudifudi, na uniambie chako kimeshonwa au kimegundishwa.

#40 BintiKiboriloni
Fundi, sina la kusema zaidi ya asante.

Nimetazama mgongo kwa tochi. Uzi upo, na umekatika mwishoni. Kwa hiyo ni fungu zima, kama ulivyosema. Lakini karatasi ya mwisho kabla ya pengo ina mkato ulionyooka, siyo kuchanika. Sasa sijui ni uzi ulioachia au ni wembe.

Dada wa Marangu, kona ya juu ya fungu moja ipo alama ya penseli. Yaweza kuwa 3. Yaweza kuwa tu mkwaruzo. Nimemwonesha mume wangu anasema 3, mdogo wangu anasema ni nywele.

#41 NesiWaZamu
Inukize. Kama ni karanga itanukia mafuta.

#42 BintiKiboriloni
Inanukia kabati.

#43 DadaWaMarangu
Ule mwandiko wa "siye huyu". Herufi ya y, mkia wake umepinda kulia au kushoto?

#44 BintiKiboriloni
Kulia, umevutwa mrefu mpaka chini ya u.

#45 DadaWaMarangu
Tulikuwa na mmoja bwenini aliyekuwa anaandika hivyo. Alikuwa anasoma kwa kasi kuliko sote na hakuweza kunyamaza, kwa hiyo tulimruhusu aandike pembeni badala ya kusema. Sijaonana naye tangu 1997. Sisemi ni yeye. Watu wengi huvuta mkia wa y.

#46 ChaliiWaNgarenaro
Weka picha ya huo mwandiko.

#47 DadaWaMarangu
Asiweke hapa. Dada nitumie faragha tafadhali.

#48 KondaWaSakina
Costa yenye bahasha imepita Usa River saa tatu kasoro, dereva nimempigia. Kasema bahasha iko dashibodi, siyo kwenye buti.

#49 BintiKiboriloni
Nimeipata saa nne na nusu. Yule wa vifurushi kaniuliza dawa? Nikamwambia ndiyo.

#50 BintiKiboriloni
Saa nane usiku. Nimemaliza. Niliviweka viwili mezani sambamba, changu cha Memorial nikakisoma hadi kwenye pengo, halafu nikahamia cha fundi bila kuruka neno. Yaliyokosekana ni kurasa 16 kamili, nimehesabu mara mbili.

Sitasema ni nani. Na sitasema kama aliyeandika "siye huyu" alikuwa sahihi, maana mtajua. Nilikuwa nimemshuku mtu mwingine kabisa tangu siku ya pili, na nilikuwa nimeshamchukia.

#51 FundiChapa
16. Nilisema.

#52 DadaWaMarangu
Vipande vyetu navyo vilikatwa kwenye mafungu, fundi. Wembe hupita palipo na uzi, ndipo pepesi.

#53 NesiWaZamu
Na karatasi za karanga ziling'olewa fungu fungu.

#54 KidatoChaTatu
Naomba kuuliza, hicho kikirudi Arusha kinaweza kupitia kwangu? Niko Boma Ng'ombe, Costa zinasimama.

#55 MwalimuWaFasihi
Mwanangu, na Takadini yangu nitakutumia kwa Costa hiyohiyo. Nzima, isiyo na maswali nyuma.

#56 KondaWaSakina
Hicho cha Bwana Msa foleni yake inaanzia wapi? Nimebakiza sura mbili kwa Willy Gamba.

#57 FundiChapa
Mtoto wa Boma kwanza. Halafu Nesi, kama atakubali kunawa mafuta ya karanga. Wewe ni wa tatu.

#58 KondaWaSakina
Wa tatu sawa. Foleni nazijua.